Dar es Salaam, lango la mikongo ya baharini, na njia ya intaneti hadi Nyaishozi

Na Mwandishi Wetu

Kata ya Nyaishozi, wilayani Karagwe, iko kwenye vilima vya kaskazini magharibi mwa nchi, karibu zaidi na Kigali na Kampala kuliko ilivyo na Dodoma. Kutoka hapo hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi ni safari ya zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Hata hivyo, mwananchi wa Nyaishozi anapofungua barua pepe, anapotuma picha kwa ndugu aliyeko Uarabuni au anapoangalia bei ya kahawa katika masoko ya London, ujumbe wake hupita Dar es Salaam kabla ya kutoka nje ya nchi. Huko huingia katika uzi wa kioo mwembamba kama unywele, uliolazwa chini ya bahari. Uzi huo ukikatika mahali popote, hata karibu na Afrika Kusini au ndani ya Bahari ya Shamu, athari huonekana Karagwe siku hiyo hiyo.

Makala haya yanaeleza mikongo ya baharini inayofika Dar es Salaam, namna inavyounganishwa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hadi mkoani Kagera, na sababu za huduma kuyumba pale hitilafu inapotokea.

Kabla ya mwaka 2009

Mawasiliano ya waya chini ya bahari si jambo geni katika pwani yetu. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ya Eastern and South African Telegraph ililaza waya wa simu za maandishi kutoka Aden kupitia Zanzibar hadi Msumbiji na Durban. Mwaka 1890 Zanzibar iliunganishwa na Bagamoyo pamoja na Dar es Salaam, wakati huo ikiwa chini ya Wajerumani, na mwaka 1893 waya mwingine ulielekea Shelisheli hadi Morisi. Jengo la Extelecoms pale Shangani, Zanzibar, ambalo leo ni hoteli, ni kumbukumbu ya kazi hiyo. Katika miaka hiyo Karagwe nayo ilikuwa na njia yake ya kuwasiliana na pwani, nayo ilikuwa misafara. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo Kafuro, na Mwingereza John Speke alipopokelewa na Mtawala Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861 alikuwa amepita njia hiyo hiyo ya Unyanyembe. Habari iliyotoka pwani ilichukua miezi kufika.

Waya za simu za maandishi zilipitwa na wakati, na nyuzi za kioo zilipoanza kulazwa katika bahari za dunia, pwani ya mashariki ya Afrika ilibaki nyuma. Afrika Magharibi ilipata mkongo wa SAT-3 mwaka 2002. Upande wetu, hadi katikati ya mwaka 2009, karibu mawasiliano yote ya intaneti na dunia yalipita kwenye setilaiti.

Setilaiti hizo zilikuwa na upungufu wa aina mbili. Wa kwanza ni gharama: kiasi kidogo cha uwezo, ambacho leo kisingetosha nyumba moja yenye vijana watatu, kilikodiwa kwa maelfu ya dola kwa mwezi, na ndiyo maana ofisi nzima au chuo kizima kiligawana njia moja nyembamba. Wa pili ni ucheleweshaji. Setilaiti za aina hiyo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo ujumbe hupanda na kushuka umbali huo, na jibu lake hufanya vivyo hivyo. Kwa kwenda na kurudi hupotea zaidi ya nusu sekunde. Waliopiga simu za nje enzi hizo wanakumbuka namna watu wawili walivyokuwa wakikatizana kauli bila kukusudia. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi kusini mwa Ulaya kwa njia ya mkongo ni suala la sehemu ndogo ya sekunde.

Mikongo inayofika Dar es Salaam

Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, nao ukawa wa kwanza wa nyuzi za kioo kuihudumia Afrika Mashariki. Mkongo huo una urefu wa takriban kilomita 17,000, na unaunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania, Kenya na Jibuti na vituo vya Ufaransa na India. Ni mali ya kampuni binafsi.

Mwaka mmoja baadaye, katikati ya mwaka 2010, ulifuata mkongo wa EASSy, wenye urefu wa takriban kilomita 10,000, kutoka Mtunzini nchini Afrika Kusini hadi Port Sudan. Huu uliundwa kwa namna tofauti: kampuni nyingi za simu za Afrika na nje zilichanga mtaji, na kwa upande wa Tanzania TTCL na Zantel zilikuwa miongoni mwa wawekezaji. Tofauti hiyo ina maana kwa mtumiaji. Mkongo wa mmiliki mmoja huuza uwezo kwa yeyote anayelipa. Mkongo wa ubia humpa kila mbia sehemu yake, na shirika la umma linakuwa na sauti katika bei na matengenezo.

Mwaka 2012 ulikuja mkongo mfupi zaidi, SEAS, wa takriban kilomita 1,900, kati ya Dar es Salaam na kisiwa cha Mahe nchini Shelisheli. Kwa hiyo Shelisheli, ambayo mwaka 1893 ilipata waya wake wa kwanza kupitia Zanzibar, ilipata mkongo wake wa kwanza wa nyuzi za kioo kupitia pwani ile ile, baada ya karibu miaka 120. Kwa Watanzania wengi jambo hili halijulikani, nalo lapaswa kujulikana: katika mkongo huu Dar es Salaam haikuwa mpokeaji tu, ilikuwa mlango wa nchi nyingine.

Mkongo mpya zaidi ni 2Africa, unaozunguka bara zima la Afrika na wenye urefu wa takriban kilomita 45,000. Wabia wake ni pamoja na Meta, Vodafone, Orange, China Mobile International, MTN, Telecom Egypt na WIOCC. Mwaka 2023 uliwasili Dar es Salaam kupitia Airtel Tanzania. Ulinganisho mmoja unatosha kuonesha ukubwa wake: EASSy ina jozi mbili za nyuzi, ilhali 2Africa umesanifiwa kubeba hadi jozi 16. Sehemu yake ya Bahari ya Shamu, hata hivyo, imekumbwa na ucheleweshaji kutokana na hali ya usalama katika eneo hilo.

Jirani yetu Mombasa ina mikongo yake, ikiwemo TEAMS inayokwenda Fujairah katika Falme za Kiarabu, na mikongo ya SEACOM na EASSy hupita huko pia. Miji hii miwili wakati mwingine hutajwa kama washindani. Kwa mtu wa Kagera, Uganda au Rwanda ushindani huo ni faida tupu, maana mji mmoja ukipata hitilafu mwingine unaweza kubeba mzigo, mradi nchi ziwe zimeunganishwa nchi kavu.

Namna mkongo unavyofanya kazi

Wengi hudhani mkongo wa baharini ni bomba kubwa. Katika kina kirefu unene wake ni kama mpira wa kumwagilia bustani. Ndani yake mna nyuzi za kioo zilizozungukwa na waya za chuma, shaba na plastiki. Karibu na ufukwe, mahali penye nanga na nyavu, huongezewa deraya ya waya za chuma na mara nyingi hufukiwa chini ya mchanga. Kila baada ya kilomita 60 hadi 100 kuna kifaa cha kuongeza nguvu ya mwanga, na vifaa hivyo hupata umeme kupitia shaba iliyomo ndani ya mkongo wenyewe, umeme wa maelfu ya volti unaosukumwa kutoka kwenye vituo vya nchi kavu.

Mkongo ukishafika ufukweni huingia katika shimo la zege, kisha huelekea kwenye kituo cha kupokelea. Kituo hicho kwa nje ni jengo la kawaida lenye uzio, majenereta na viyoyozi. Mpita njia hatalitazama mara mbili. Ndani yake mwanga wa mkongo hugawanywa na kukabidhiwa kwa kampuni za mawasiliano zenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Kutoka pwani hadi Kagera

Mkongo wa baharini usingekuwa na maana kwa Nyaishozi kama ungeishia Dar es Salaam. Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009, mwaka ule ule SEACOM ilipoanza kazi, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China na kwa kutumia mkandarasi CITCC. Awamu mbili za mwanzo zilikuwa na jumla ya kilomita 7,560. Sehemu ya njia hizo ni nyuzi zilizofukiwa kando ya barabara, na sehemu nyingine hutumia nyuzi zilizokwisha kufungwa juu ya nguzo za umeme za TANESCO na kando ya reli. Uendeshaji ulikabidhiwa TTCL, na tangu hapo mkongo umeendelea kuongezwa kuelekea makao makuu ya wilaya.

Mkongo huu haukujengwa kama mti wenye shina na matawi. Ulijengwa kwa mizunguko: wa kaskazini, wa kusini na wa magharibi. Faida ya mzunguko ni kwamba nyuzi zikikatwa na katapila mahali fulani, mawasiliano hurudi nyuma na kupita upande wa pili. Anayeishi mahali palipo ndani ya mzunguko huenda asijue kama kulikuwa na hitilafu. Anayeishi kwenye tawi lililochomoza nje ya mzunguko hana bahati hiyo. Tawi likikatika, hakuna njia ya pili. Kwa wilaya za pembezoni hili ndilo swali la msingi, na wananchi wanapouliza kuhusu huduma katika wilaya zao wana haki ya kuuliza hivyo hivyo: je, tuko kwenye mzunguko au kwenye tawi?

Kagera ina nafasi ya pekee katika ramani ya mkongo. Kupitia Mutukula, Mkongo wa Taifa unakutana na Uganda. Kupitia Rusumo, wilayani Ngara, unakutana na Rwanda. Na kupitia Kabanga unakutana na Burundi. Nchi hizo tatu hazina bahari. Kila moja inahitaji njia zaidi ya moja ya kufikia mikongo, na njia ya Dar es Salaam huzipunguzia utegemezi wa njia ya Mombasa pekee. Kwa hiyo mkoa unaohesabiwa kuwa mwisho wa nchi ni, kwa mawasiliano, njia panda ya kikanda. Vilevile njia hizo zinaweza kutumika kinyume: mawasiliano ya Tanzania yaweza kupita Uganda hadi Mombasa pwani ya Dar es Salaam inapokuwa na tatizo, endapo mikataba ya kibiashara imekwisha kuwekwa. Kuwapo kwa nyuzi mpakani hakutoshi.

Kutoka kwenye vituo vya mkongo, mawasiliano hufikishwa kwenye minara ya simu kwa nyuzi au kwa mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka kilele kimoja hadi kingine. Hapa ndipo sura ya ardhi ya Karagwe na Kyerwa inapohesabika. Vilima husaidia kurusha mawimbi mbali, lakini mabonde yaliyo nyuma yake hubaki kivulini. Kitongoji kilicho kilomita tatu tu kutoka mnara kinaweza kukosa mawasiliano wakati kingine kilicho kilomita kumi, upande wa pili wa bonde, kinapata vizuri. Mnara nao huhitaji umeme na ulinzi, na mahali penye wateja wachache kampuni huona hasara. Kwa sababu hiyo uliundwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) kwa sheria ya mwaka 2006, ili kutoa ruzuku kwa kampuni zinazojenga minara katika maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara. Mei 2023, jijini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, zilisainiwa hati za mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini.

Vijiji vilivyo karibu na Mto Kagera vina kero nyingine, ambayo haihusiani na bahari hata kidogo: simu hunasa mtandao wa nchi jirani na mwenye simu hukatwa gharama za kimataifa bila kutarajia. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya simu na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague yenyewe.

Mei 12, 2024

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa wakati mmoja katika eneo la bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji, Madagaska na nyinginezo. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifungwa kwa siku mbili kutokana na udhaifu wa mtandao.

Wananchi wengi waliuliza swali la haki kabisa: ikiwa tuna mikongo zaidi ya mmoja, kwa nini mmoja usishike nafasi ya mwingine? Jibu liko katika jiografia. SEACOM na EASSy ni mikongo miwili, lakini upande wa kusini hulala karibu karibu, na tukio moja liliweza kuipata yote. Upande wa kaskazini palipaswa kuwa na njia ya akiba. Njia hiyo ilikuwa imeharibika tangu Februari mwaka huo, pale mikongo mitatu, SEACOM, AAE-1 na EIG, ilipokatika katika Bahari ya Shamu baada ya meli Rubymar kushambuliwa na kuachwa ikiburuta nanga yake. Kwa hiyo Mei ilipofika, mlango wa kaskazini ulikuwa umebanwa, na wa kusini ukafungwa siku moja. Huduma zilirejea kwa hatua, kadiri kampuni zilivyohamishia mawasiliano kwenye njia nyingine, na ukarabati kamili wa mikongo ulichukua wiki kadhaa.

Muda huo hauna ajabu. Duniani hutokea hitilafu kati ya 150 na 200 za mikongo kwa mwaka, na sehemu kubwa husababishwa na nyavu za uvuvi na nanga za meli. Papa, ambao hupenda kutajwa katika vijiwe, wanahusika kwa nadra sana. Meli za ukarabati ni chache na kila moja huhudumia eneo kubwa. Ikifika, mafundi hupima kwa mwanga kutoka nchi kavu ili kujua kukatika ni kilomita ngapi kutoka ufukweni, huteremsha ndoano hadi sakafu ya bahari, huuvuta mkongo juu, huunga nyuzi moja moja katika chumba safi ndani ya meli, kisha huushusha tena. Bahari ikichafuka kazi husimama. Na penye vita, hata kibali cha kuingia eneo hilo ni kazi ya miezi.

Kilichobaki kikifanya kazi

Somo la kiufundi la siku zile ambalo halikuzungumzwa vya kutosha ni kwamba kukatika kwa mkongo wa baharini hakuzimi intaneti yote. Hukata njia ya kwenda nje. Tovuti au mfumo ambao kompyuta zake zipo ndani ya nchi, kwa mfano katika Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, huweza kufikiwa kupitia Mkongo wa Taifa bila kugusa bahari. Kampuni za intaneti hubadilishana mawasiliano ya ndani katika kituo cha mabadilishano, ili barua kutoka Bukoba kwenda Mwanza isilazimike kupitia Ulaya. Mitandao ya kijamii, barua pepe za kampuni za kigeni na huduma nyingi za kuhifadhi picha, kwa upande mwingine, hutegemea nje kwa kiasi kikubwa, na ndizo zilizozorota.

Huduma za fedha kwa simu zinazotumia menyu ya nyota na reli hazihitaji intaneti ya mteja. Mkulima aliyelipwa fedha za kahawa na chama chake cha msingi anaweza kuzitoa kwa wakala hata WhatsApp ikiwa haifunguki. Vivyo hivyo menyu ya huduma za Serikali ya *152*00#.

Tofauti hii humsaidia mwananchi kutambua tatizo lilipo kabla ya kulalamika au kununua bando jingine. Ikiwa simu inapiga na menyu ya fedha inafunguka, tovuti za Serikali zilizohifadhiwa nchini zinafunguka, lakini mitandao ya nje haifunguki kwa kampuni zote, yumkini tatizo liko baharini au kwenye njia za kimataifa. Ikiwa kampuni moja tu ndiyo haifanyi kazi na nyingine zinafanya, tatizo ni la kampuni hiyo au mnara wake. Ikiwa kata nzima imekosa mtandao kwa kampuni zote huku wilaya jirani ikiwa salama, huenda tawi la mkongo limekatwa au umeme umekatika kwenye kituo kinachohudumia eneo hilo. Taarifa ya hitilafu hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, ambaye anapaswa kuisajili; mtoa huduma asipojibu, au jibu lake lisiporidhisha, mwananchi anaweza kuwasilisha malalamiko TCRA akiambatanisha kumbukumbu za taarifa yake ya kwanza, tarehe, saa, na jina la kijiji au kitongoji kilichoathirika.